Tupeane uzoefu: imani ilikubeba vipi siku uliyoishiwa nguvu?

Wapendwa, salaam. Naomba tupeane uzoefu, hasa wa zile siku ambazo hata maombi yaligoma kutoka mdomoni.

Naanza mimi. Mume wangu alipoingizwa chumba cha upasuaji, nilibaki kwenye benchi nimepakata viatu vyake. Nilitaka kusali nikajikuta narudia "Bwana, Bwana" mpaka koo likakauka. Hofu haikuondoka, nisiwadanganye. Ila daktari alipotoka mara ya pili na karatasi ya kusaini, mkono uliotetemeka tangu asubuhi uliandika jina langu likasomeka. Tangu hapo 1 Samweli 30 naisoma kwa macho mengine. Daudi anakuta Siklagi imechomwa, wake na watoto wametekwa, watu wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaishia, kisha wanataka kumpiga mawe. Hapo ndipo alipojitia nguvu katika Bwana, mji ukiwa bado majivu.

*

Mimi ni Muislamu, naomba nichangie. Nilipofiwa na mama, kilichoninyanyua ni Alfajiri. Hamu sikuwa nayo. Adhana inaita, naamka, natia udhu, nasimama. Kuna siku nililia tangu takbira mpaka salamu. Surat Ash-Sharh, aya ya 5 na ya 6, inarudia kwamba pamoja na uzito upo wepesi. Miaka yote kichwani mwangu ilikuwa "baada ya uzito". Kumbe ni "pamoja"! Nilisujudu nikiwa na uchungu wangu wote, na nikaweza kuinuka.

*

Mimi nimeomba uponyaji miaka 4 na dawa bado natumia. Kuna walioniambia imani yangu ni ndogo, na hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Jamani, tusiwaambie wagonjwa maneno hayo. Eliya katika 1 Wafalme 19 anaomba afe, analala chini ya mti wa mretemu, na malaika hamkemei hata kidogo. Anamgusa: inuka, ule. Anakuta mkate na maji. Analala tena, anaguswa tena. Siku hizi nikishindwa kutoka kitandani sijioni msaliti. Naomba nguvu za leo tu.

*

Mleta mada, endelea mbele na sura hiyohiyo. Kati ya watu 600 wa Daudi, 200 walichoka wakabaki kijito cha Besori wakilinda vyombo. Baadhi ya waliopigana walipogoma kuwagawia nyara, Daudi akaamuru wote wapate sawa. Nimeuguza mtoto miezi 7, na mimi nilikuwa katika wale 200. Wenzangu ndio waliokuwa wakifunga na kuomba. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake tu.

*

Mleta mada tena. Wewe wa Besori, nimekusoma mara tatu. Mungu amtunze mwanao. Mume wangu leo asubuhi kavaa viatu vile mwenyewe, kamba kafunga kwa mkono wake. Wengine karibuni, hata mistari miwili inatosha.