Kontena ya breki ya mtoto wa PP1, nyinyi mnatia nini?

MamaKisauni
Asalaam aleikum jamani. Kijana wangu ana miaka 4 ameanza PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, kila siku namtilia juisi ya paketi, biskuti na krisps za bateta sababu ndio avipendavyo na kontena yarudi tupu. Jana nikakaa nikaisoma ile paketi, gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100 na yenyewe ni 250, kupiga hesabu naona yakaribia vijiko 7 vya chai, nilishtuka wallahi. Na mchana akirudi hataki wali. Nimtilie nini kisichoharibika na joto hili?

UmmiLikoni
Dadangu juisi itoe leo leo, mpe maji. Shirika la Afya Duniani lasema sukari kama hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, sasa kwa katoto ka miaka 4 hiyo paketi moja karibu imemaliza yote. Mimi natia yai la kuchemsha, ndizi, na viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa ndani, vina vitamini A, nanunua soko la Kongowea Jumamosi. Yai chemsha asubuhi hiyo hiyo na ungoje lipoe ndio ufunike, ukifunika na moto latoa maji linuke kontena nzima.

TichaMajengo
Nafundisha chekechea. Msibadilishe vyote siku moja, saa nne mtoto aangalia cha mwenzake, akiona muhogo mtupu atalia. Hamri moja na mbaazi nzito isiyomwagika, wanakula vizuri sana. Na tafadhali mabuyu msiwatilie, ile ni sukari na rangi. Njugu nzima pia hapana chini ya miaka 5 zawapalia, paka siagi ya njugu kwenye mkate wa boflo, lakini muulize mwalimu kwanza kama darasani kuna mwenye aleji.

BabaT
Ticha na hamri je, si sukari na mafuta pia?

TichaMajengo
Ni kweli, ndio nikasema moja, na si kila siku. Mbaazi ndio yenye protini ya kumjenga.

MamaKisauni
Shukran sana. Leo nimejaribu, maji kanywa, yai kala, kiazi kimerudi na alama ya meno tu. Kesho nitakikata vijitivijiti kama chipsi nione.