Laptopu haiwaki kabisa tangu umeme ulipokatika na kurudi, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Juzi usiku umeme ulikatika ukarudi ghafla, laptopu yangu ikiwa kwenye chaji. Ikazima palepale, na mpaka leo haijawaka. Hakuna taa, feni haizunguki.

Nimetoa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, nikarudisha chaja peke yake. Kimya. Nikajaribu kutoa ramu (RAM, kadi ya kumbukumbu ya muda) na kuirudisha, hakuna kitu.

Kinachonichanganya ni chaja. Nikiichomeka ukutani, taa yake ya kijani inawaka vizuri, na fundi jirani ameipima kwa mita ikasoma volti 19. Nikiichomeka kwenye laptopu tu, ile taa inazima. Nikichomoa, baada ya muda inarudi. Ninavyoelewa mimi, hiyo ni dalili ya shoti kwenye bodi (sakiti kuu ya laptopu), chaja inajikata ili kujilinda. Niko sahihi?

Fundi wa mjini anasema nibadilishe bodi nzima, laki mbili na nusu, na hata hajaifungua! Hela hiyo sina, na moyo unakataa. Shoti si inaweza kuwa kapasita moja tu (kile kijisehemu kidogo cha kuhifadhi chaji kwenye bodi) karibu na tundu la chaji?

Kikubwa zaidi ni data. Utafiti wangu wa chuo uko humo, madodoso ya miezi minne. Je, nikitoa diski (SSD ya inchi 2.5) nikaiweka kwenye kava la USB, nitasoma mafaili kwenye kompyuta nyingine bila kuyaharibu? Aliyewahi kufanya anielekeze tafadhali, natakiwa kuwasilisha Jumatatu.