Bomba la gesi la Mackenzie: je, serikali ya Kanada ilistahili kuliunga mkono kwa fedha za umma?

Swali
Ndugu zangu, bomba hili lilikusudiwa kusafirisha gesi asilia kutoka delta ya Mto Mackenzie, kaskazini-magharibi mwa Kanada, hadi jimbo la Alberta, umbali wa kilomita 1,196. Mwaka 2005 serikali kuu iliahidi dola milioni 500 za Kanada kwa jamii ambazo zingeathiriwa na ujenzi, na mwaka 2009 ikajitolea kubeba sehemu ya gharama za miundombinu. Kwa nini mradi ulioongozwa na Imperial Oil, kampuni yenye uwezo mkubwa, uhitaji mkono wa serikali, na kwa nini baadhi ya wenyeji waliendelea kuupinga?

Jibu la 1
Mzizi wa upinzani ni ardhi. Mwaka 1977 Jaji Thomas Berger, aliyeongoza uchunguzi wa serikali kuhusu pendekezo la awali la bomba hilo, baada ya kwenda kijiji kwa kijiji kuwasikiliza wenyeji, alipendekeza ujenzi katika bonde hilo usubiri miaka 10 ili madai yao ya ardhi yatatuliwe kwanza. Kati ya jamii za wenyeji, Wainuvialuit walipata mkataba wao wa ardhi mwaka 1984 na Wagwich'in mwaka 1992, lakini Wadehcho, ambao bomba lingekatiza katika ardhi yao upande wa kusini, walikuwa bado hawana mkataba wakati mradi ulipofufuliwa. Fedha za huduma za jamii, hata zingekuwa nyingi kiasi gani, hazikuwa jibu la swali la nani mwenye ardhi.

Jibu la 2
Nakubaliana nawe kuhusu Wadehcho, ila tusiwahesabu wenyeji wote kuwa wapinzani. Baadhi yao waliunda Aboriginal Pipeline Group ili wamiliki theluthi moja ya bomba, na miongoni mwa waliounga mkono walikuwamo watu waliolikataa katika miaka ya 1970. Hawakuwa wamesaliti msimamo wao. Walichodai tangu mwanzo ni kushirikishwa kama wenye mali.

Jibu la 3
Kuhusu sababu ya kuhitaji msaada, tazameni gharama: kufikia mwaka 2007 makadirio yalikuwa dola bilioni 16.2, na muda si mrefu gesi ya miamba ya mwambatope (shale gas) ikafurika katika soko la Marekani na kushusha bei. Serikali iliidhinisha mradi mwaka 2011, lakini makampuni hayakujenga, na mnamo Desemba 2017 yakauacha rasmi. Kwa maoni yangu, iwapo serikali ingekuwa mbia, hasara ya bei hiyo ingemwangukia mlipakodi. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba zile milioni 500 zilifungamanishwa na hatua za mradi, hivyo jamii ziliwekwa katika hali ya kulihitaji bomba ili zipate huduma ambazo zilistahili kuzipata hata bila bomba.