Waziri wa Ulinzi, Katibu Mkuu na CDF: nani anamwagiza nani?

mkufunzi_uraia

Wakuu, habari za leo.

Naandaa somo la wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata kuhusu Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hapa Tanzania. Vitini vingi vinavyozunguka vina mchoro wa mstari mmoja: Rais juu, chini yake Waziri, halafu Katibu Mkuu, halafu Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi (CDF), mwisho kamandi. Kwa macho yangu haukai sawa, ila nataka niusahihishe kwa hoja. Naomba msaada kwenye haya:

1. CDF anapokea amri kwa Waziri au kwa Rais?
2. Katibu Mkuu anaingia wapi?
3. Mwananchi mwenye dai linalohusu kambi, mfano mpaka wa ardhi, barua aielekeze kwa nani?

Mzee wa Randama

Mkuu, mchoro huo ufute wote uanze upya. Kosa lake ni kuchanganya amri ya kijeshi na utawala wa wizara. Chora mistari miwili inayotoka kwa Rais.

Wa kwanza ni wa amri. Ibara ya 33 ya Katiba ya 1977 inamfanya Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 148 ndiyo inayoeleza madaraka ya Amiri Jeshi Mkuu, ikiwemo kuteua viongozi wa majeshi. Amri ya kupeleka vikosi inatoka kwake kwenda kwa CDF, kisha inashuka kwenye kamandi: Nchi Kavu, Anga na Wanamaji. Msaidizi wa karibu wa CDF ni Mnadhimu Mkuu, ambaye huwa Luteni Jenerali, na pale Makao Makuu ya Jeshi kuna matawi ya utumishi, operesheni na mafunzo, usalama na utambuzi, tiba na mengineyo. Waziri hayumo kwenye mstari huu. Hawezi kumpigia simu mkuu wa brigedi akamwambia atoe kombania moja iende mahali fulani.

Mstari wa pili ni wa sera, sheria na fedha: Rais, Waziri, Katibu Mkuu, wakurugenzi wa idara. Waziri anabeba sera ya ulinzi, analeta miswada, na anasimama bungeni kujibu maswali ya jeshi, kwa sababu CDF si mbunge na hasimami pale. Katibu Mkuu ni mtendaji mkuu wa wizara na ndiye Afisa Masuuli wake, yaani anayewajibika kwa fedha zake: mikataba, ajira za watumishi raia, ununuzi na majibu ya hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) yanamhusu yeye.

Kwa hiyo kati ya Katibu Mkuu na CDF chora mstari wa nukta, maana yake wanashirikiana kila siku na wala mmoja hamwamrishi mwenzake kivita. Wote wawili ni wateule wa Rais.

Kwenye somo lako usiache mwaka 1964. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi, Serikali ikalazimika kuomba askari wa Uingereza waje kuuzima uasi ule, na jeshi lile likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo chini ya Mrisho Sarakikya. Nchi iliyopita pale lazima iwe makini na swali la nani anashika amri. Hata ibara ya 147 ni ya kusoma mbele ya darasa: inakataza mtu au chama chochote kuunda jeshi, na inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Wengi hawajui kwamba "mwanajeshi" kwenye ibara hiyo ni pamoja na askari wa Polisi na Magereza.

kasma_57

Naongezea upande wa hela, maana hapo ndipo muundo unaonekana kwa macho. Chukua kitabu cha makadirio ya bajeti. Utakuta wizara hii moja ina mafungu matatu, yaani sehemu tatu za bajeti zenye namba zake: Fungu 57 ni Wizara, Fungu 38 ni Ngome (yaani JWTZ), Fungu 39 ni JKT. Mwanafunzi akiyaona hayo matatu anaelewa mara moja kwamba wizara na jeshi si kitu kimoja.

Makosa yanayojirudia kwenye uchambuzi wa mitandaoni: mtu anachukua Fungu 57 peke yake anasema "bajeti ya jeshi ni kiasi hiki". Si kweli, mishahara ya wanajeshi haikai humo. Au anajumlisha matumizi ya kawaida na ya maendeleo kisha anashangaa kwa nini silaha zinakula fedha nyingi, wakati sehemu kubwa ya matumizi ya kawaida ni mishahara na posho. Na kilichoidhinishwa si kilichotolewa. Hotuba ya Waziri huwa inataja vyote viwili, fedha iliyoidhinishwa na iliyopokelewa hadi mwezi fulani. Ukitaka ukweli soma pengo lililo katikati.

Njia yenyewe: makadirio yanachambuliwa kwanza na Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama (wenyewe wanaiita NUU), ndipo hotuba isomwe bungeni. Baada ya hapo Kamati ya Matumizi inapita fungu kwa fungu, na mbunge asiyeridhika na jibu anashika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani anazuia usipitishwe mpaka apate maelezo. Angalia vizuri: inayoshikwa ni ya Waziri, kwa sababu ndiye anayewajibika kwa Bunge. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai.

Pemba Mnazi

Asalaam aleikum. Mwalimu, weka na ukurasa wa vitu ambavyo HAVIMO kwenye wizara hii, maana hapo ndipo watu wanapotea zaidi.

Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wa Bara wako Mambo ya Ndani. Huku Zanzibar, KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia na Mafunzo (magereza ya huku) ni Idara Maalum za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, hawamo JWTZ ingawa wanavaa sare na wanapiga kwata. Ulinzi ni jambo la Muungano, namba 3 kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, kwa hivyo wizara ya ulinzi ni moja tu kwa nchi nzima. Anayemshitakia Waziri wa Ulinzi askari wa KMKM amegonga mlango siwo.

Halafu mgambo. Mafunzo yanasimamiwa na mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi. Lakini yule mgambo anayefukuzana na wamachinga sokoni amewekwa kazini na halmashauri, na malalamiko juu yake yanakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Kwa kulinganisha tu: kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 241, imeweka Baraza la Ulinzi lenye watu sita: Waziri kama mwenyekiti, Mkuu wa Majeshi, makamanda watatu wa nchi kavu, anga na majini, na Katibu wa wizara. Raia na wanajeshi wanaketi meza moja, na Rais anabaki Amiri Jeshi Mkuu. Kifungu hichohicho kinatenga mambo mawili: KDF (jeshi la Kenya) ikisaidia kwenye dharura au janga, Bunge la Taifa linapewa ripoti, ikitumwa kurejesha amani penye ghasia ndani ya nchi, lazima Bunge liidhinishe. Ndiyo maana Juni 2024, wakati wa maandamano ya mswada wa fedha, suala la kutuma wanajeshi lilipelekwa bungeni.

mkufunzi_uraia

Asanteni sana, mchoro naubadilisha leo. Limebaki swali la 3, ambalo ndilo wasaidizi wa kisheria watakaloulizwa kila wiki.

Mzee wa Randama

Hapo kosa la kwanza ni kumwandikia mkuu wa kikosi. Yeye ana mamlaka juu ya askari wake, lakini hana mamlaka ya kumega ardhi ya jeshi wala ya kulipa fidia. Barua inakaa kwenye faili la kambi na wananchi wanasubiri. Ardhi ni suala la utawala, kwa hiyo fuata ule mstari wa pili. Kichwa cha barua kiwe hivi:

*Katibu Mkuu, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Dodoma.*
*K.K. (kwa kupitia): Mkuu wa Wilaya.*
*YAH: MADAI YA MPAKA KATI YA KIJIJI CHA … NA KAMBI YA …*
*Nakala: Katibu Mkuu, Wizara ya Ardhi, Mkuu wa Mkoa, Mbunge.*

Ambatisha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye mahudhurio na sahihi, nakala ya cheti cha ardhi ya kijiji, ramani ya upimaji, na koordineti za bikoni (alama za mpaka) zinazobishaniwa. Barua inayosema "jeshi limechukua ekari nyingi za mashamba yetu" haina pa kushikwa. Inayosema bikoni fulani imesogea mita kadhaa kuelekea kijijini, na vipimo hivi hapa, inampeleka mpimaji uwandani.

Kama eneo lilishathaminiwa kwa ajili ya fidia, angalia tarehe Mthamini Mkuu wa Serikali alipoidhinisha. Kwa sheria ya uthamini ya 2016, malipo yakipita miezi sita yanaanza kudai riba, na ikipita miaka miwili uthamini unakufa, unafanyika upya. Wengi wanadai kwa karatasi iliyokwisha muda.

kasma_57

Na wakifikia mahakamani, kambi haishitakiwi, haina hadhi ya kisheria. Inashitakiwa wizara pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, baada ya kutoa notisi ya siku 90, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Wasisahau nakala ya notisi kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Kesi nzuri zimetupwa kwa hilo tu.