Waliotufungia imeili za ofisi wametupotezea barua za miaka minne, na ankara wameleta

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu na nina hasira, mnivumilie. Kampuni siitaji kwa sababu bosi kanikataza, ila wenyewe wakipita hapa watajijua.

Ofisi yetu inatoa mizigo bandarini hapa Dar. Tuko watu 11. Kazi yetu karibu yote iko kwenye imeili: nyaraka za meli, ankara, makadirio ya kodi, mteja kukubali gharama, vyote vinapita huko. Mwaka 2021 bosi akaamua tuachane na Gmail za kibinafsi, tuwe na anwani zenye jina la kampuni. Wazo zuri kabisa. Rafiki yake akamletea vijana wenye tisheti za nembo, wakapita meza kwa meza wakifunga Outlook, ile programu ya barua pepe ya Microsoft, saa nane mchana wamemaliza, wakalipwa, wakaaga.

Mimi niliajiriwa kama karani wa nyaraka. Siku moja printa ya bosi iligoma, nikaizima nikaiwasha ikakubali, tangu hapo ndiye "mtu wa IT". Mshahara ni uleule wa karani.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita laptopu ya dada anayeshughulikia wateja wa Kongo na Zambia ikakataa kuwaka. Ukiweka sikio unasikia diski inagonga, tik, tik, tik, kisha kimya, halafu inaanza upya. Sikuogopa. Nikamwambia dada tulia, imeili zako ziko kwenye seva, nusu saa tu nakufungia kwenye mashine nyingine. Nikafunga. Outlook ikashusha barua, ikasimama. Barua ya zamani kuliko zote ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Nikadhani ni mtandao. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, bado wiki mbili. Nikaingia kwenye seva yenyewe kwa kivinjari: wiki mbili. Dada yuko nyuma yangu na kalamu yake mkononi ananiuliza, "Kaka, zile nyingine zinakuja saa ngapi?"

Haziji, wakuu.

Wale vijana akaunti zote 11 walizifunga kwa POP badala ya IMAP. Kwa wasiojua: ukitumia IMAP barua zinakaa kwenye seva, na kompyuta na simu yako vyote vinachungulia kikasha kimoja. POP inazishusha kwenye kompyuta yako, inazitia kwenye faili moja la .pst, na kinachobaki kwenye seva ni nakala ya muda. Fungua mipangilio ya ndani ya akaunti ya POP kwenye Outlook, utakuta kisanduku cha kuacha nakala kwenye seva, na chini yake kingine cha kuifuta nakala hiyo baada ya siku 14. Vyote viwili unavikuta vimeshawekwa tiki. Ukiwa mtu wa kubonyeza endelea, endelea, maliza, hata huvioni. Kwa hiyo kila siku ya Mungu, miaka minne mfululizo, seva ilikuwa inafuta barua zilizovuka siku 14, kimya kimya, na nakala pekee iliyobaki duniani ni ile iliyomo kwenye diski inayogonga tik, tik.

Nikawapigia. Kijana akapokea kwa adabu zote. "Kaka, bakapu ni jukumu la mteja." Nikamuuliza mteja aliambiwa lini. Akasema iko kwenye mkataba. Nikautafuta mkataba ofisi nzima, kabati zote, hakuna. Mnajua ulikuwa wapi? Ulitumwa kwa imeili. Kwa dada huyohuyo.

Kinachoniudhi ni kwamba walijua. Kifurushi walichotununulia kina GB 5, tunagawana watu 11. Wangeweka IMAP kingejaa ndani ya miezi michache, halafu wangelazimika kumwambia bosi aongeze hela. Wakaona POP inawasitiri. Kikasha cha seva kila siku kinaonekana kisafi, hakuna anayelalamika, mzigo wote wanabeba watu wenye laptopu za miaka sita.

Kuna mteja tunabishana naye tozo ya kuchelewesha makontena. Mwezi Machi alimwandikia dada kuwa endeleeni, nitalipa. Leo anasema hajawahi kukubali. Ushahidi umo kwenye diski. Nimwombe yeye anitumie nakala yake?

Na dada wa watu, kilichomliza si barua hata. Hakuwa na kitabu cha anwani. Alikuwa akiandika herufi mbili, jina la mteja linajitokeza lenyewe pale kwenye nafasi ya mpokeaji, anabonyeza. Miaka minne ya majina. Sasa akiandika "mu" hapatokei kitu, anaitazama skrini.

Baada ya hapo nikaamua kukagua mashine zote, na afadhali nisingekagua. Faili la mhasibu limefika GB 47. Outlook ikiachwa ilivyo, kikomo cha PST ni GB 50, kwa hiyo mama yule alikuwa anaelekea ukutani bila kujua. Halafu faili lenyewe halikuwa kwenye kompyuta yake, waliliweka kwenye diski ya pamoja ya ofisi, analifungua kupitia mtandao wa ndani. Microsoft wenyewe wanasema PST isifanyiwe hivyo, inaharibika. Na imeharibika kweli. Nimelihamishia kwenye mashine yake, nikaliendeshea ScanPST, kile kiprogramu cha Outlook cha kurekebisha faili za PST, usiku kucha. Mara ya kwanza ikakuta makosa, ikarekebisha, nikaiendesha tena ikakuta mengine. Mara ya nne ndiyo ikasema safi. (Kabla ya kuigusa piga nakala ya faili kwanza, na Outlook isiwe wazi.)

Kuna na mteja wa Lubumbashi ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akituandikia "hatuone bili, tunaona tu winmail.dat", sisi tunamjibu asasishe kompyuta yake. Kosa letu! Mashine tatu zimewekwa ziandike kwa muundo wa Rich Text, Outlook inafunga kila kitu kwenye furushi lake, na anayepokea kwa programu nyingine haoni kiambatisho, anaona hilo furushi. Nimeingia kwenye chaguo za barua nikaweka HTML, dakika moja. Tulimdharau yule mzee bure.

Mambo ya saini ya picha moja kubwa yenye namba ya simu ya zamani, nitayaacha, nisije nikatukana.

Kitu cha kwanza nilichofanya kwenye mashine 10 zilizobaki ni kutoa ile tiki ya siku 14. Cha pili, nakala ya kila PST kwenye diski ya nje. Bosi, baada ya kunifokea mbele ya watu ("wewe si ndiye IT?"), amekubali kulipia nafasi kubwa zaidi, na sasa nahamisha barua kwenda IMAP folda kwa folda, maana ukivuta zote kwa mpigo Outlook inaganda. Kwa intaneti yetu, za mhasibu peke yake sijui kama Idi haitanikuta hapa.

Na Ijumaa wale jamaa wakatuma ankara. "Matengenezo ya mfumo wa barua pepe." Nimemwambia bosi asilipe mpaka waje waniangalie usoni. Hajanijibu, na yule rafiki yake leo nimemwona amekuja kunywa chai ofisini kwake.

Sasa ninachoomba: aliyewahi kuokoa data kwenye diski inayogonga, hapa Dar, kwa fundi anayeifungua mahali pasafi na si kwenye meza yenye vumbi la Kariakoo, anitajie PM pamoja na bei. Laptopu nimeizima na betri nimetoa. Wa kuniambia niiweke diski kwenye friza, mlinzi wetu keshaniambia.