Usiku wa kufunga mwaka wa klabu ya uzungumzaji, Mtwara mjini: naomba mnikosoe ratiba

Katibu_Shangani

Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu ya kuzungumza mbele ya hadhira inafunga mwaka Jumamosi moja katikati ya Desemba. Wanachama ni 22, wageni kama 18. Mahali ni Shangani, uwanja wa wazi wenye banda la makuti, bahari ipo karibu kabisa. Tunafuata utaratibu wa Toastmasters, shirika la kimataifa la klabu za uzungumzaji, ila hatujajiunga rasmi.

Rasimu ya ratiba: kufungua saa 12 jioni, neno la mwenyekiti, hotuba 4 za kuandaliwa za dakika 7, hotuba 10 za papo kwa papo, tathmini 4, mgeni rasmi, zawadi, chakula saa 3 usiku, halafu muziki. Kadi za mwaliko bado hazijachapwa, kwa hiyo pigeni nyundo tu. Wasiwasi wangu mkubwa ni papo kwa papo, chakula na vyombo vya sauti.

Bi_Ratiba

Katibu, hapo umepanga kikao cha kawaida ukakiwekea pilau mwishoni. Tupige hesabu. Hotuba 4 za dakika 7 hazichukui dakika 28. Weka utambulisho, kupanda na makofi, dakika 2 kila moja, inakuwa 36. Tathmini 4 za dakika 3, pamoja na dakika 1 ya kupishana, ni 16. Papo kwa papo mtu anaongea dakika 2 lakini anakula 3, maana kuna kuitwa, kutembea na kusomewa mada. Watu 10 ni dakika 30. Hizo tayari ni 82, na mwenyekiti, mgeni rasmi na zawadi bado hawajagusa maiki.

Kuna na jambo la swala. Katikati ya Desemba jua linazama Mtwara kama saa 12 na nusu jioni. Ukifungua saa 12, nusu ya hadhira itainuka kwenda magharibi katikati ya hotuba ya kwanza, na atakayeumia ni msemaji aliyejiandaa wiki nzima. Ipange hivi:

Saa 12:00 wageni wanafika, vinywaji, picha. Magharibi inapita hapo hapo bila kukatiza mtu.
Saa 1:00 kamili kufungua, dakika 5. Hotuba MOJA ya kuandaliwa, ile bora ya mwaka, dakika 5 hadi 7. Papo kwa papo watu 8. Kura dakika 3. Umefika saa 1:41.
Saa 1:45 chakula na swala ya isha kwa pamoja, hadi saa 2:30. Wanaoswali wahifadhiwe sahani zao zikiwa zimefunikwa; usiwaache waje kukuta ukoko.
Saa 2:30 mgeni rasmi, kisha kutakiana heri watu 5, tathmini moja ya jumla dakika 3, zawadi. Saa 3:05 umemaliza, muziki uendelee hadi saa 4 wakati bajaji bado zinapatikana.

Kura zihesabiwe na watu wawili wakati wa chakula. Zikihesabiwa jukwaani kila mtu anawasubiri wao.

Mipaka ya muda usiilegeze kwa sababu ni sherehe. Papo kwa papo, mtunza muda amwonyeshe msemaji rangi: kijani dakika 1:00, njano 1:30, nyekundu 2:00. Ikiwa mnashindania zawadi, aliye chini ya 1:00 au aliyevuka 2:30 hapigiwi kura. Hotuba ya kuandaliwa mpaka ni dakika 4:30 hadi 7:30. Mtunza muda akae nyuma katikati, usawa wa macho ya msemaji, asiwekwe pembeni karibu na sufuria.

Fundi_Mawimbi

Naongezea kwenye muda kabla ya sauti. Karatasi za manila za rangi hazifai usiku kwenye taa za sherehe. Chini ya balbu ya manjano, njano na nyeupe ni kitu kimoja, na nyekundu kwenye mwanga hafifu inaonekana nyeusi. Tumieni balbu tatu za rangi, au simu yenye kioo kikubwa kinachojaa rangi, mwanga ukiwa juu kabisa.

Sauti: kwa watu 40 nje, spika mbili za inchi 12 zinatosha. Ziwe juu ya stendi kupita vichwa vya waliokaa, na zitangulie mbele ya msemaji mita 1.5 hadi 2. Spika ikiwa nyuma yake, sauti inarudi kwenye maiki, inakuzwa tena, inarudi tena, ndiyo ule mluzi unaopasua masikio. Hapo watu hukimbilia kumlaumu fundi, kumbe msemaji ameshika kichwa cha maiki kwa kiganja kama wanamuziki. Mwambieni ashike shingo ya maiki, sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu.

Upepo. Desemba kaskazi imeanza na hapo Shangani mnaipata yote. Jukwaa liwekwe ili msemaji aupe upepo mgongo: mwili wake unaikinga maiki, na sauti inaenda kwa wasikilizaji. Akiukabili utasikia ngurumo badala ya maneno. Sponji ya maiki ni lazima. Mada na majina yabanwe kwenye ubao wa kubania karatasi. Na huo ni mwezi wa mvua, banda la makuti lipimwe kama linabeba viti 40 na spika. La sivyo kodi turubai.

Jenereta ikae mita 20 hadi 25, upande ambao upepo unaelekea, kamwe isiwekwe ndani ya banda. Moshi wake unaua bila kunuka sana. Betri za maiki isiyo na waya ziwe mpya, zibadilishwe saa 12:45.

Mtani_wa_Kusini

Mada za papo kwa papo ndizo zinazobeba usiku wenu, msiziandike dakika ya mwisho. Mada isizidi maneno 20, isijibike kwa ndiyo au hapana, na isimguse mtu pabaya: ndoa, watoto, mshahara na vyama vya siasa viacheni. Mpeni msemaji mhusika wa kuigiza, atafunguka. Mifano:

"Wewe ni pantoni ya Rufiji, ni mwaka 2003, Daraja la Mkapa limefunguliwa leo. Waage abiria wako."
"Mtetee pweza aliyeshtakiwa na samaki wenzake kwa kuwa na mikono mingi."
"Mkorosho na mwembe wanagombania kivuli cha mgeni. Wewe ni mkorosho."

Andaa mada 12 kwa watu 8, maana kuna zitakazogusana. Mgeni haitwi jukwaani bila kuulizwa mapema, mezani, kwa sauti ya chini.

Kutakiana heri nako kuna umbo lake. Dakika moja na nusu: unamtaja anayetakiwa heri, unataja jambo MOJA alilolifanya, unasema unachomwombea, unainua glasi, unataja jina lake, wote wanaitikia. Kinachoharibu ni mtu kusimulia historia nzima huku mikono ya watu imeinua glasi hadi inatetemeka. Glasi zisimame mezani mpaka neno la mwisho. Juisi ya embe au ukwaju itoshe; uraka, pombe ya mabibo, uacheni nyumbani, meza ina watu wa dini zote.

Mtindo wa kumlipisha mtu shilingi 100 kwa kila "aaa" na "yaani" unachekesha, ila wekeni kikomo cha 500 na msimgongee kengele katikati ya hotuba. Na utani wa makabila abaki nao aliye mtani kweli, si kila aliyeshika maiki.

Katibu_Shangani

Nimeelewa, ratiba ya Bi_Ratiba naichukua. Mawili yamebaki: vipimo vya chakula, na mgeni rasmi ambaye msaidizi wake anasema ataongea dakika 20.

Mama_Sufuria

Watu 40: mchele kilo 6, nyama yenye mifupa kilo 8. Mkitaka pweza, kilo 4 mbichi zitabaki kama 2 baada ya kuchemka, basi ihesabuni kama kitafunwa. Juisi lita 20, yaani glasi mbili za mililita 250 kila mtu. Korosho kilo 2, gramu 50 kwa kila mmoja, lakini zitoke na chakula. Chenga zake zikishika koo la msemaji ni kikohozi tu jukwaani. Meza ya chakula ifikiwe pande zote mbili. Foleni moja kwa sekunde 30 kila mtu ni dakika 20, mbili ni 10.

Bi_Ratiba

Mgeni rasmi: barua ya mwaliko iandike "dakika 7, kuanzia saa 2:30 usiku", na aelezwe kuwa taa zinawaka kwa kila msemaji, yeye akiwemo. Mpeni na mambo matatu ya kugusia, maana asiyepewa mada huongea yote. Mshereheshaji asome itifaki mara moja tu mwanzoni. Wanaofuata waseme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Wasemaji watano wakirudia kila mmoja orodha ya waheshimiwa, mmepoteza dakika 8 kabla hata glasi haijainuliwa. Msaidizi akishikilia 20, muombeni aongee saa 12:15 watu wakinywa juisi, na nafasi ya saa 2:30 mpeni mwanachama.