Tupeane uzoefu: kitabu cha katuni cha bure kilikufikiaje huku Kusini, na mwisho wake uliujuaje?

Kuchele Damu

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Leo nlikua namsaidia mama kusogeza kabati pale kwetu Chikongola, Mtwara, nyuma yake nikaokota kitabu changu cha katuni ambacho nlijua kilishaliwa na mchwa zamani sana. Chembamba tu, kurasa zinateleza, jalada halina bei. Upande huu ni Avatar, yule mtoto kipara mwenye mshale kichwani, ukikigeuza juu chini unakuta jalada lingine la Star Wars na hadithi nyingine inaanza, halafu pale katikati zinapokutana ni matangazo ya vitabu vya kununua. Nimekaa sakafuni nimekisoma chote, mama kasimama ananisubiri na kabati lake.

Kilivyonifikia sasa. 2012 nipo la sita, ule wakati mji umejaa wageni wa utafiti wa gesi, kodi za Shangani zinapanda kila ukiamka, mama alikua anafua na kupiga pasi kwa familia moja. Mkataba wao ukaisha wakaondoka wakaacha boksi, ndani kuna viatu vya mtoto wao, chupa za maji, penseli za rangi nusu nusu, na hiki. Mama akaniletea akijua ni kitabu cha kiingereza cha shule. Mi kiingereza sikua nacho, nilikua nasoma picha, nikifika mwisho nageuza naanza upande wa pili, nikimaliza narudi, nadhani nilikisoma mara mia.

Ukubwani ndo nikaja kujua hivi vitabu vina siku yao kabisa ya kugawiwa bure madukani. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 5, ilianza 2002 Marekani, wazo lilitoka kwa mwenye duka mmoja wa California anaitwa Joe Field, na mara ya kwanza waliipanga siku moja baada ya filamu ya Spider-Man kutoka ili watu wakitoka sinema wapitie dukani. Msomaji halipi kitu, ila mwenye duka ndo anavinunua kwa wachapishaji kwa bei ya chini halafu anagawa. Wanakuonjesha hadithi fupi ili kesho urudi na hela kuchukua kitabu kizima.

Sasa mi ningerudi wapi? Mtwara yetu hiyo mwenye meza ya magazeti sokoni alikua na magazeti ya michezo na Sani basi. Kwa hiyo nikachukua kaunta buku ya baba nikaendelea mwenyewe. Yule binti wa maji wa kwenye Avatar nikamleta Feri, pantoni ya Msangamkuu imeharibika, akina mama wamekwama na ndoo za pweza, akayafungua maji wakapita kwa miguu mchanga mkavu mpaka ng'ambo. Kurasa 30 na kitu kwa kalamu ya bluu.

Naombeni na nyie. Kitabu cha bure, cha kutangaza hizi hadithi za mapanga na majoka na watu wanaoruka, kilikukutaje, na kilipokatikia ulifanyaje.

Mzee wa Mitwero

Marahaba kijana wangu. Mimi changu ni cha zamani kuliko umri wako, mwaka 1985, nipo Lindi mjini darasa la pili, miaka ile ya foleni ya sukari na sabuni za kukata vipande. Mjomba wangu alikuwa baharia, akarudi na sanamu ya He-Man, yule shujaa wa midoli mwenye upanga, aliyoinunua bandari ya huko Ulaya, na ndani ya pakiti mlikuwa na kijitabu kidogo kama kiganja changu cha sasa. Sanamu haikumaliza mwezi, mkono ulichomoka tukaupoteza kwenye mchanga. Kijitabu kikabaki miaka.

Kilikuwa kila ukurasa picha moja kubwa na maneno chini yake, kama kitabu cha hadithi cha shuleni, si vile viputo vya maneno. Vile vya kwanza vilitoka 1982, vinne, na mchoraji ni Mfilipino Alfredo Alcala, mtu aliyejua kuchora misuli na mawe mpaka unahisi ubaridi wa jiwe. Mjomba alinitafsiria jioni moja tu akasafiri, nikakihifadhi kichwani. He-Man wa mle si mwana wa mfalme. Ni mtu wa porini, anaaga kabila lake anaondoka peke yake kwenda kuilinda ngome, na upanga umekatwa vipande viwili, adui anavitafuta aviunganishe.

Basi 1988 akaja binamu yangu kutoka Dar, kwao wana deki ya video, wameona katuni zake. Akasema He-Man ni mwana wa mfalme, jina lake Adam, akiinua upanga anabadilika. Nikakataa. Mtaa mzima ukagawanyika, na televisheni Tanzania Bara hatukuwa nayo, Zanzibar ndio walikuwa nayo tangu 1973, kwa hiyo hapakuwa na wa kuamua. Tulinuniana likizo nzima na yule ni ndugu yangu wa damu. Nimekuja kusoma baadaye sana kwamba tulikuwa sahihi wote wawili, kijitabu kilitangulia na katuni ya televisheni ikaja 1983 ikiwa imebadilishwa. Nilimpigia simu usiku huohuo nikamwambia, akanyamaza kidogo akasema kaka yangu, mimi nilijua tu hukuwa mwongo.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni babu yangu, Mmwera, nilimsomea akiwa kwenye mkeka wake. Nilipofika pale anapoaga kabila akanizuia. Akauliza, wazee wake walimfanyia tambiko kabla hajatoka? Nikaangalia picha zote, hakuna. Babu akasema haiwezekani mtu aende kwenye hatari kama hiyo bila unga kumwagwa chini. Akanisimulia mwenyewe namna ilivyokuwa, nani alishika unga, walisema nini, mama yake alisimama wapi. Toka siku hiyo kila nikimsimulia mtoto wangu yeyote habari ya He-Man naanza na tambiko.

Masasi Kwetu

Kwetu ya bure tuliyoijua ni Fema, lile jarida la vijana, inaletwa sekondari tunagombania hadi inachanika. Sijui kama inahesabika mkuu.

Kuchele Damu

Karibu sana bro, ya bure ilikua kweli na mi nilizisoma, ila leo nataka zile za ajabu ajabu.

@Mzee wa Mitwero shikamoo mzee wangu. Hilo la unga nimelirudia mara tatu.

Binti Nachingwea

Habari zenu kaka zangu, mzee shikamoo. Changu kilikuja na maboksi ya vitabu vya msaada shuleni, form one, vitabu vya sayansi vya zamani na hadithi za watoto wa ulaya, na katikati kimejificha kitabu cha joka na msichana mwenye upinde. Jalada la mbele lilishachanika so jina silijui mpaka leo na nimetafuta jamani nimetafuta. Ila jalada la nyuma lilikuwepo, na kuna kale kasehemu ka mraba kameachwa wazi ili duka lipige muhuri wake, na muhuri ulipigwa, duka la Bristol, Uingereza, wino wa zambarau umeenda upande.

Mi nilikua nautazama ule muhuri kuliko hata joka. Nawaza nani aliupiga, alikua na haraka gani mpaka ukapinda, na huyo mtoto aliyekichukua bure siku hiyo alikua na umri gani na kwa nini alikitoa. Maana mi nisingekitoa.

Mwalimu mmoja akanikuta nacho prep akasema huu ni uchawi akakichana mbele ya darasa. Shule sisemi. Niliokota vipande jioni kwenye shimo la taka nikavipanga kwenye mkeka bwenini, vikakosekana vya pale msichana anapokutana na joka uso kwa uso. Likizo nikawa nawasimulia wadogo zangu tukiwa tunabangua korosho, na pale kwenye pengo kila siku nilikua naweka kitu tofauti, siku nyingine wanapigana, siku nyingine joka linamuomba maji ya kunywa, kuna siku nilisema joka ni bibi yake. Mdogo wangu wa mwisho alilia kabisa siku ya bibi. Sasa hivi ana miaka 24 na bado ananiambia dada ile ya bibi ndo ya kweli.

Ng'ambo ya Mikindani

Mi ngoja tu nitoe langu. Hivyo vitabu ni chambo, mnaona wenyewe, kipande cha kwanza bure ili ulipe kipande cha pili. Siwalaumu, biashara ndo ilivyo, lakini inauma kwamba chambo kinafika huku halafu mshipi hakuna, hata ukitaka kulipa hela yako hakuna wa kumpa. Mi nilisubiri toleo la pili la kitabu kimoja miaka 2 mizima, kila basi la Dar likiingia namuuliza kondakta. Nilikua na akiba yangu kabisa kwenye kopo la maziwa.

Mjukuu wa Mpagazi

Kaka wa Mikindani pole, mi nimeishi hivohivo.

Kwetu ni kijiji karibu na kilima cha Tendaguru, huku Lindi. Krismasi moja tukapewa maboksi ya zawadi kanisani, langu lina soksi, mpira wa tenesi, na kakitabu ka kutangazia midoli fulani, watu wamevaa silaha wamepanda mijusi mikubwa kama nyumba, wanapigana bondeni. Mjusi mwenye shingo ndefu anaanguka kwenye korongo, ukurasa unaisha, kuna maneno kwamba yaliyobaki yatafuata.

Nikampelekea babu nimuoneshe hilo lidude. Babu hakushangaa. Akasema huyo ni wa hapa. Akanichukua kesho yake asubuhi tukatembea mpaka kilimani akanionesha sehemu zilizochimbwa, akaniambia baba yake alikua mpagazi wa Wajerumani, ile kazi ya 1909 mpaka 1913, wanabeba mifupa kichwani na mabegani kwa miguu siku nne mpaka bandari ya Lindi, safari baada ya safari, mizigo inahesabika kwa maelfu. Na mmoja wa hao mijusi wa kale, dinosaria, wamemuunganisha wakamsimamisha Berlin 1937, urefu wa kwenda juu unapita mita 13, yupo makumbusho mpaka leo watu wanalipa kiingilio kumwona.

Wadau naomba mnielewe, mi nilikua na miaka tisa, nimeshika kitabu cha kigeni nikijua hayo mambo ni ya sayari nyingine, kumbe nimekaa juu yake. Nilikasirika halafu nikafurahi halafu nikakasirika tena. Mwisho wa kile kitabu nikautunga njiani tunarudi, mjusi hakufa korongoni, alitambaa mpaka mto Mbwemkuru akanywa maji, akalala, na waliomkuta ni watu wetu. Na hakuna aliyembeba.

Kuchele Damu

Aisee hiyo ya mwisho, "na hakuna aliyembeba". Mkuu umeiandika popote?

Mjukuu wa Mpagazi

Bado. Ipo kichwani tu.

Fundi Penseli

Wakuu naomba niseme na mi maana hii mada imenigusa kwenye kazi yangu. Nipo Mtwara, nafanya stationery karibu na stendi ya Mkanaledi. Kama mlivyosema, nilikua na kitabu kimoja cha bure cha utotoni, bila mwisho, nikasema basi ngoja nitengeneze cha kwangu nigawe bure kama wao. Karatasi mbili za A4, unatoa kopi mbele na nyuma, unakunja katikati unabana pini, unapata kurasa 8 ndogo. Kopi ni mia kwa upande so kitabu kimoja ni mia nne, nikatoa 30, elfu 12 yangu ikaenda. Hadithi ni ya kijana anayeokota sura ya lipiko, kile kinyago cha ngoma ya Wamakonde, kwenye uwanja wa mpira, ngoma imeisha watu wameondoka, akiivaa anaona wote waliowahi kuicheza kabla yake wamesimama nyuma yake. Nilimuomba ruhusa mzee mmoja mchongaji kwanza, maana mapiko si kitu cha kuchezea, akaniambia chora ila usioneshe anavyovaa. Na sijaonesha, kuna mgongo tu.

Niligawa stendi kwa watoto wa shule na wanaouza korosho za pakiti kwenye mabasi. Baada ya wiki wakaanza kuja dukani. Kaka ya pili lini? Kaka yule kijana anaivua au inagandamana? Kuna mmoja anauza mayai, huyo kanijia na karatasi kachora mwenyewe anachoona kitatokea, na nawaambia ukweli, alichochora ni kizuri kuliko nilichokua nimepanga.

Ya pili nimefika ukurasa wa tano kwa penseli. Nimeisimamisha hapo nimtafute yule wa mayai tukae wote.

Mzee wa Mitwero

Mtafute kijana wangu. Na yule mzee mchongaji mpelekee naye nakala.

Binti Nachingwea

Kaka Fundi ya kwanza imebaki hata moja? Mpe kondakta wa basi la Nachingwea la asubuhi, andika tu juu "dada wa korosho" nitaisubiri stendi mwenyewe, nauli ya mzigo na hiyo mia nne nalipia huku. Kama una muhuri wa duka naomba unipigie nyuma. Hata ukipinda.

Fundi Penseli

Zimebaki mbili dada. Moja yako. Muhuri ninao, kesho saa kumi na moja alfajiri nampa kondakta.

Mjukuu wa Mpagazi

Hiyo nyingine naomba nije kuichukua mimi Jumamosi. Nitakuja na kaunta buku.